Hesabu zimesema ni mikono yetu

Leo daktari aliniambia nikae chini mbele ya wodi nzima. Sikukaa.

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali moja huku Lindi.

Vidonda vya upasuaji vimekuwa havisikii antibayotiki. Lawama zote kwa wagonjwa, eti wamezoea kujinunulia vidonge dukani.

Basi nikatengeneza modeli ya hisabati kwenye kompyuta, kufuatilia bakteria sugu wanavyohama kitanda hadi kitanda.

Leo asubuhi nikaionyesha kwenye kikao cha wodi. Jibu lake: wanaowasambaza zaidi ni sisi, kwa mikono yetu.



Daktari akasema, "Dada, hapa tunatibu watu. Hesabu waachie walimu. Kaa."

Nikajibu, "Kwa heshima zote, daktari, nionyeshe nilipokosea, nami nitakaa."



Akasimama Mama Somoe, muuguzi wa miaka mingi ambaye hata madaktari wanamwogopa. Nikajua nimekwisha.

"Jana nimesafisha vidonda vya watu sita," akasema. "Sabuni iliisha kwa mgonjwa wa pili, nikaendelea hivyo hivyo bila kunawa. Binti hajakosea."

Daktari akatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akaniambia, taratibu, "Hebu tueleze tena."

Nikaeleza tena, safari hii wanaandika.

Mchana sabuni ikaletwa, ya wodi moja tu. Kesho naingia ofisini kwa wakubwa kudai ya wodi zilizobaki, na modeli yangu mkononi. Wakinuna, wanune.

Ninyi wa wodini, semeni kweli: kwenu sabuni ipo?