Soli ya Bwana Gundi

Bwana Gundi, fundi viatu wa kona ya posta, alikuwa na mdomo. Ukimpelekea kiatu, kwanza atakisema kiatu, kisha atakusema wewe mwenye miguu, ndipo achukue sindano. Hakuna alichopenda kama kuchekesha watu, na hicho ndicho kilichomponza siku alipoitwa mahakamani.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa ameuawa. Hakuna aliyeshuhudia. Nyuma ya duka, kwenye saruji mbichi, ilipatikana alama ya kiatu: soli ya tairi yenye pengo dogo kisiginoni. Aliyekamatwa ni fundi rangi, jirani yake Gundi, kwa kuwa wiki hiyo aligombana na marehemu. Wakili wa serikali akamwonyesha Gundi picha ya ile alama, akamwita mtaalamu. Mtaalamu! Tangu azaliwe hakuwahi kuitwa hivyo, na kichwa kikamvimba.

"Hiyo kazi ya mkono wangu," alisema. "Soli hiyo nilimwekea fundi rangi. Mguu wake nautambua hata nikifumba macho, kwa harufu."

Watu wakaangua kicheko, karani naye akacheka. Gundi akashuka kizimbani akijiona mtu. Alichokimeza ni kwamba pengo lile lilitoka kwenye kadibodi aliyokuwa akiitumia kukatia soli. Panya alikuwa ameing'ata ukingoni, na kila soli iliyopimwa kwa kadibodi ile ilitoka na pengo. Alikwishakata jozi kumi na mbili. Wakili wa utetezi hakumuuliza, naye hakujisumbua kusema. Fundi rangi akahukumiwa kunyongwa.

Miaka sita Gundi alizunguka njia ndefu kwenda kazini, asipite mlangoni kwa mama wa fundi rangi. Mama huyo alipokufa, hakuthubutu hata kwenda kuzika. Utani ulimkauka. Wateja walidhani anaumwa, kumbe ni aibu tupu, na ilimstahili.

"Nenda kwa wakili ukaseme, baba watoto," mkewe alimwambia, siku alipomfichulia siri hiyo.

"Watanifunga."

"Wakufunge basi. Mwenzio anasubiri kamba."

"Wiki ijayo nitakwenda."

Wiki hiyo haikufika. Hata rufani iliposikilizwa, Gundi alikaa benchi la nyuma akijiambia kwamba jaji akinyamaza kidogo tu, atasimama. Jaji alinyamaza mara nyingi, alikunywa maji, akapangusa miwani. Gundi hakusimama.

Siku ya hukumu alirudi kwenye benchi lile lile. Jaji alisoma kwamba ushahidi wa mazingira ni lazima umwelekee mshtakiwa peke yake, usibakize shaka ya maana.

"Shahidi alisema alimwekea mrufani soli ya namna hii," alisema jaji. "Hakuna aliyemuuliza kama aliwawekea na wengine. Hatuwezi kumnyonga mtu juu ya swali ambalo halikuulizwa. Mrufani aachiwe huru."

Swali lenyewe hata mtoto angeliuliza. Gundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtu ameokoka, na yeye hakuchangia hata kikohozi.

Alimkuta fundi rangi ukumbini, amekonda, mkewe amemshika mkono. Gundi akayamwaga yote kabla hajaingiwa na woga tena.

"Zilikuwa jozi kumi na mbili, ndugu yangu. Nilijua siku ile ile. Nisamehe."

Fundi rangi hakufoka.

"Mama alikuja gerezani mara moja tu," alisema. "Nikamwapia kwamba sikuua. Akaniambia, mwanangu, Bwana Gundi hawezi kukosea kazi ya mkono wake. Hakurudi tena. Amekufa anakuamini wewe."