Mwalimu Aliyechora kwa Maneno

Mwalimu aliyetufundisha kuchora mitambo hakuweza kuchora. Kabla ya vita alikuwa mchoraji katika ofisi ya ujenzi, na waliomfahamu wakati ule walisema mistari yake ilikuwa safi kama iliyochapwa. Vita vilipoanza alitumwa pamoja na wenzake kwenda kupima barabara za upande wa Kyaka. Gari lao likakanyaga bomu lililofukiwa ardhini. Wawili walikufa. Yeye alirudi Bukoba akiwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, na viwili vilivyobaki havikuweza kushika kalamu.

Chuo chetu kidogo cha ufundi, kule Kahororo, kilimchukua hivyohivyo. Kwa kuwa hakuweza kutuonyesha kitu ubaoni, alisema tu. Alisimama dirishani, akafumba macho, akaanza: anza kona ya chini kushoto, nenda kulia milimita themanini, panda thelathini, rudi kushoto ishirini. Sisi tulifuata kwa penseli na rula. Mwisho wa dakika arobaini, kama ulikuwa umemsikiliza vizuri, kwenye karatasi yako kulikuwa na kipande cha mashine. Kama hukumsikiliza, ulikuwa na kitu ambacho hata mhunzi asingekitambua.

Nilifika pale mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitokea Muleba, binti pekee katika darasa la wanafunzi kumi na wanane. Nyumbani tulikuwa na kibanja cha migomba na mibuni, na kanisa lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Baba alikuwa ameshafariki. Watu hawakutaja alichougua, na hapakuwa na haja ya kutaja, maana karibu kila kibanja katika kilima chetu kilikuwa na kaburi bichi. Wakati naondoka kwenda chuoni, mama alikuwa ameanza kukonda.

Katika mwaka wangu wa pili tuliletewa kompyuta mbili. Zilitoka kwa watu wa Ulaya waliokuwa na urafiki na parokia, zikapita Mwanza, zikashushwa bandari ya Kemondo zikiwa zimefungwa ndani ya magodoro. Pamoja nazo kulikuwa na diski za programu ya kuchorea michoro ya kiufundi. Mkuu wa chuo aliziweka katika chumba kilichokuwa stoo ya vitabu, akatutangazia kwamba viwandani, huko duniani, ubao wa kuchorea ulikuwa unaelekea kuachwa. Hakuna aliyejua kuitumia programu ile, walimu pamoja na sisi.

Mwalimu wetu alijifungia na kitabu cha maelekezo kwa wiki mbili za likizo. Programu za siku hizo hazikuwa na picha za kubofya. Ulikuwa unaandika amri: mstari, kutoka hapa, mpaka pale, upana kiasi hiki. Tuliporudi kutoka likizo alituita tusimame nyuma yake. Akaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, pole pole, na kwenye kioo cheusi mistari ikaanza kutokea, ikanyooka, ikakutana kwenye kona bila kosa. Ilikuwa gia yenye meno ishirini na manne. Hakugeuka kututazama. Niliona tu mabega yake yakipanda na kushuka. Miaka zaidi ya kumi alikuwa amechora kwa maneno, na sasa kilikuwa kimekuja chombo kilichotaka maneno.

Tangu siku hiyo alikuwa mkali kuliko zamani. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kibodi kabla ya kumweleza mwalimu kwa mdomo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, alichokusudia kuchora. Kila mmoja alikuwa na nusu saa yake kwa siku, na umeme ukikatika, nusu saa yako imekwenda. Hakutaka pia tuchore mifano ya kitabuni. Alikwenda mwenyewe kwenye kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa akaomba vipuri vilivyoharibika. Alirudi na gunia, akalimwaga mezani. Alituambia kwamba kiwandani mtu hasifiwi kwa mchoro mzuri, anasifiwa kwa kifaa kinachoingia mahali pake.

Mama alifariki kabla mwaka ule haujaisha. Nilirudi Muleba nikiwa nimeshaamua kutorudi chuoni, kwa sababu wadogo zangu wawili walikuwa wamebaki na shangazi ambaye naye alikuwa akilea watoto wa marehemu mwingine. Siku ya nne baada ya mazishi, mwalimu akatokea. Alikuwa amepanda lori la ndizi, kisha akatembea. Alikaa nasi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, akala tulichokula, akamsikiliza shangazi kwa muda mrefu. Mimi hakuniuliza kitu. Wakati wa kuondoka nikamsindikiza hadi njia kuu.

"Nusu saa yako sijampa mtu," alisema.

Nilimwambia kwamba nina watoto wa kuwalea.

"Najua. Ndiyo maana sijampa mtu."

Alikuwa amekwisha kupanga na shangazi, kumbe, kwamba niwe narudi nyumbani kila Ijumaa mchana hadi Jumatatu, na kwamba zamu zangu za kompyuta za siku hizo zihamishiwe katikati ya wiki. Nikarudi.

Katika lile gunia mimi nilipewa bushi, yaani kipande cha shaba kama pete nene, ambamo shafti, yaani mhimili wa mashine, huzunguka. Niliipima nje na ndani, nikaichora, nikaweka vipimo vyote, nikaona fahari. Mwalimu akaikagua na kuipitisha. Tukaupeleka mchoro kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na karakana mjini. Jamaa zake wengi walikuwa wamehama, yeye akabaki na mashine yake ya kukereza vyuma. Aliutazama mchoro wetu kwenye mwanga wa mlango, akasema kwamba tangu vita hajapata karatasi isiyomlazimisha kubahatisha. Baada ya siku tatu bushi ilikuwa tayari, inang'aa.

Kiwandani haikufaa. Iliingia kwenye shafti ikawa inacheza, inagongagonga. Mhandisi wa kiwanda, mtu wa maneno machache, aliichomoa akaniwekea mkononi, na mafundi waliokuwa wamesimama pale wakatazama pembeni. Nilitamani kuondoka. Mwalimu ndiye aliyeongea.

"Mchoro niliupitisha mimi," alimwambia mhandisi. "Kosa ni letu sote wawili. Tupe nafasi ya kuipima shafti."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeipima bushi iliyolika. Tundu lake lilikuwa limepanuka kwa miaka ya kuzunguka, na mimi nikauchora ule uchakavu kana kwamba ndivyo ilivyozaliwa. Nilipaswa kuipima shafti inayoingia humo, na kumuuliza anayeiendesha mashine. Nikamuuliza. Alikuwa mzee wa makamo aliyekuwa amekaa na mashine hiyo tangu ujana wake, na alinieleza ni upande gani unaopata joto kwanza, ni lini mlio unabadilika, mafuta yanapotelea wapi. Niliyaandika yote. Kitabu chetu hakikuwa na hata neno moja la hayo.

Zamu yangu ilipofika nilibadilisha namba moja tu katika orodha ya amri zangu, kipenyo cha ndani, na programu ikauchora mchoro mzima upya. Kwenye ubao ningefuta na kuchora upya alasiri nzima. Niliongeza kitundu cha mafuta, kwa maneno ya yule mwendesha mashine. Mzee wa karakana alikereza nyingine. Safari hii iliingia kwa kusukumwa na kiganja, ikakaa. Wakawasha. Tulisimama tukasikiliza kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, na mashine ikawa inanguruma sawasawa, bila kugonga. Mhandisi aliuchukua ule mchoro, akaukunja, akauweka kwenye faili lake. Kisha akauliza ni nani kati ya wanafunzi anayemaliza mwaka huu.

Nilianza kazi pale baada ya mtihani wa mwisho. Wengine watatu wa darasa letu walifuata katika miaka miwili iliyokuja, na mmoja akaenda Mwanza kwenye viwanda vya samaki. Wawili hawakumaliza chuo. Tuliwazika, mmoja Bukoba na mwingine kwao Kamachumu. Mwalimu alihudhuria mazishi yote mawili, na kila mara alirudi darasani kesho yake asubuhi, akasimama dirishani, akafumba macho na kuanza kutaja vipimo. Wakati ule nilidhani ana moyo mgumu. Leo naona kwamba alikuwa anawahi, kwa kuwa hakujua atabaki na nani wa kumfundisha.

Miezi michache baada ya kuanza kazi nilipata vyumba viwili Nshambya, katika nyumba ya mjane aliyekuwa na bustani nyuma. Nikaenda Muleba kuwachukua wadogo zangu. Shangazi alitufungia mkungu wa ndizi na maharage, akalia kidogo, akacheka. Tulipofika Nshambya mdogo wa mwisho alizunguka vyumba vyote viwili, akaniuliza yeye atalala wapi. Nikamwonyesha.