Spika ya Mtungini

Redio yangu niliiharibu mwenyewe. Nianze hapo, nisije nikamsingizia mtu. Ilikuwa nzima, sauti yake yatosha chumba kimoja, lakini mimi nilitaka kambi yote ya chumvi pale Gongoni isikie. Miaka hiyo ya themanini vijana tulikuwa na mtindo wetu: unaing'oa spika ndani ya redio, unaitia mdomoni mwa mtungi, unaiziba kwa lami, kisha unavuta waya mpaka kwenye redio. Mtungi ukinguruma, chai yatetemeka kikombeni. Mtungi wenyewe ulikuwa wa marehemu mama. Maji yake yalikuwa baridi kushinda ya friji, na friji niliiona mara ya kwanza Malindi, kwenye hoteli nilikokwenda kuomba kazi ya kufua mashuka. Niliambiwa nirudi kesho, na hiyo kesho haijafika hadi leo. Lakini nasema habari ya redio.

Baba alikuwa mgonjwa nyumbani Tezo, tumbo limemjaa maji. Mara ya mwisho kumwona aliniambia, "Wewe ndiwe kifungua mimba. Mchanga wa kwanza ni wako." Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye aanzaye kutupa mchanga kaburini, wengine wafuate. Shangazi akasema likitokea la kutokea watapeleka tangazo redioni, maana barua ingenifikia matanga yamekwisha. Kwa hiyo kila mchana, baada ya habari, yanaposomwa matangazo ya vifo, mimi nilikuwa mbele ya mtungi.

Jumatatu mtungi ukanyamaza.

Taa ya redio ilikuwa yawaka. Nikayaanika mawe ya redio juu ya bati, maana betri zikipata jua hufufuka kidogo. Wapi! Nikakwangua ncha za waya kwa wembe. Wapi! Nikagusisha jiwe moja kwenye spika pale mtungini, ikalia tak. Basi spika i hai, redio i hai, ila hawasemezani, kama mke na mume walionuniana.

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa mtu wa bara, tukikokota chumvi pamoja. Alikuwa na kiredio kama kipande cha sabuni. Nilikiita mbu mbele za watu, na jina likashika.

"Mkubwa wa mtungi!" akaniita mlangoni. "Leo kumenyamaza, nani amekufa?"

"Nenda zako."

"Kuja usikize kwa mbu. Mbu haina maringo."

"Aniume? Sikiliza wewe. Ukisikia jina langu, niite."

"Sawa. Lakini hiyo mtungi wekea maji tu, ndugu."

Hapo ndipo nilipokosa. Kambini niliandikwa kwa kipande, yaani kitambulisho, cha binamu yangu, kwa kuwa nilipokuja kutafuta kazi sikuwa na kipande changu. Kila mtu aliniita jina la binamu, na nikiulizwa kwetu nilitaja kijiji cha binamu, mbali na Tezo. Jina alilonipa nyanya, lile ambalo tangazo lingelitaja, jirani hakulijua. Sitasema nilisahau. Niliogopa: nikimwambia, msimamizi angesikia, na kazi ingekwisha. Nikajiambia kesho mtungi utakuwa umepona, nitasikia mwenyewe.

Jumanne nikabadilisha mawe. Nikabandua lami nikaipaka upya. Watu wakipita wananicheka, nami nimeinama kama mtu anayefukua fuko. Waya sikuushuku kabisa, kwa sababu ngozi yake ya plastiki ilikuwa yang'aa.

Jumatano, kwa hasira tu, nikaukata katikati. Shaba yote ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Chumvi ile hula kila kitu, hula bati, hula nyayo za watu, sembuse waya. Nikaomba waya mwingine kwa fundi wa pampu, nikaufunga, na mtungi ukanguruma tangazo la sabuni. Matangazo ya vifo yalikuwa yamepita.

Jirani akaja mbio. "Ee, imefufuka! Sasa hatutalala."

"Leo wamesoma nini?"

"Hakuna yako. Nimesikiza zote. Leo ni mama mmoja wa Mtwapa. Jana ni mzee wa huko Tezo, wanatafuta kijana yake ya kwanza akuje haraka, wanazika leo."

"Kijana aitwa nani?"

Akalitaja polepole, kwa ulimi wake wa bara, kama mtu anayesoma jina la mgeni. Kisha akaniangalia usoni.

"Unamjua?"

Nikasema namjua.

Nilifika Tezo jua limeelemea. Walikuwa wamengoja mpaka alasiri, kisha ndugu yangu mdogo akatupa mchanga mahali pangu. Shangazi alikuwa mkekani na wenzake, hakuinuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Tangazo lilisomwa jana. Twasikia una redio ya kusikika mji wa pili."

"Iliharibika, shangazi."

"Na kwa jirani hakuna redio?"

Akanisogezea kata ya maji waliyonawia waliotoka kaburini. Wao walinawa mchanga. Mimi nilikuwa na kile kijani cha waya vidoleni, nikasugua, nikasugua, na wanawake wale wakawa wananitazama.