Nguruwe kwa Nanasi Mbele ya Kaka Zangu

Kaka yangu mkubwa alinipigia simu Jumanne kuniambia kwamba Jumamosi wanakuja kuona nyumba. Nyumba ameiona mara nne. Iko Kitengela, ina vyumba viwili vya kulala, na haijahama. Nilijua wanakuja kunikalia kikao.

Kiwanda nilichofanyia kazi huko Athi River kilifunga idara yetu mwaka jana, na tangu hapo mke wangu ndiye anayetoka asubuhi kwenda Kajiado mjini, kwa maabara ya hospitali, na mimi ndiye ninayebaki. Nafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, nafua, napika. Tulikaa chini mimi na yeye tukapatana hivyo, bila vita. Lakini habari zilifika nyumbani Murang'a zikiwa zimevimba, na kaka mkubwa akanitafutia kazi ya kuangalia stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko huko. Ningekaa huko, mke angebaki huku, tungeonana mwisho wa mwezi. Nilikataa kwa simu. Akasema basi atakuja amsikie mke mwenyewe, kwa sababu mwanamume aliye jikoni hajui tena anachotaka. Nikamwambia njoo. Mke wangu nilikuwa na hakika naye kabisa. Angewaambia kwamba haya ni mapatano yetu, wangemaliza chai yao na kuondoka, na habari ya stoo ingeishia hapo.

Walifika saa kumi hivi, yeye na kaka yangu wa pili, anayekaa Matasia. Huyu wa pili ana ploti ya nusu eka na vyumba vya kupangisha, na tangu amwage zege lake la kwanza anaongea kana kwamba hata udongo wa Kajiado aliuleta yeye. Waliketi kwenye makochi yangu miguu imeachana, kofia juu ya goti, wakitazama kuta. Mke alikuwa kazini, angefika saa kumi na mbili na nusu. Nikawaletea chai. Wa pili akauliza ni nani ameipika, nikamwambia mimi, akakitazama kikombe kwa muda kisha akauliza kama hakuna soda.

Sasa wacha niseme kitu kuhusu ndugu zangu na nyama ya nguruwe, maana ndicho kilichonifanya nichague chakula cha siku ile. Hawa ni watu ambao kila Jumapili wakitoka kanisani wanapitia bucha ya nguruwe. Kule anayekata ni mwanamume. Anayekaanga ni mwanamume, anayekata kachumbari na kuosha ubao ni mwanamume, na wanaokula ni wanaume waliojazana kwenye benchi mpaka mlangoni. Yule mpishi wa bucha wanayoipenda huvaa aproni ya maua. Hakuna aliyewahi kumwitia kikao. Lakini wakisikia mwanamume ameshika mwiko ndani ya nyumba yake mwenyewe, wanaanza kupigiana simu. Nimejaribu kuelewa tofauti iko wapi na nimeshindwa.

Na hiyo nyama yenyewe wanayoisifu. Inakaangwa mpaka inakauka, inamwagiwa chumvi bila huruma, inatupiwa nyanya mbili, halafu watu wazima wanafunga macho wakitafuna na kusema hapa ndipo kuna mpishi. Huyo hapiki, huyo anaadhibu nyama. Niliamua watakula nguruwe kwangu, na watakula aliyepikwa. Nakiri nilitaka pia wamle kwa mkono wangu, mkono ule ule waliokuja kuusimanga.

Saa kumi na moja na nusu nikainuka nikawaambia naenda kupika. Kaka mkubwa akasema, "Kaa chini bwana. Tumekuja kuongea na wewe."

"Ongea tu. Jikoni ni hapo, nakusikia."

Hakika ni hapo. Kutoka kwenye kochi mpaka karai ni hatua sita, na katikati hakuna mlango.

Nyama nilikuwa nimeinunua asubuhi, kipande cha paja kisicho na mfupa, nikaikata vipande vyembamba na kuilaza kwenye sosi ya soya, tangawizi na kitunguu saumu. Nyama iliyokatwa nyembamba haitaki saa nzima. Inataka moto mkali na mtu asiye na kiherehere. Niliweka wali jiko moja, jingine nikatia karai mafuta kidogo, nikasubiri mpaka yakaanza kutoa moshi. Ukitupa nyama yote mara moja inatoa maji na kuanza kuchemka, na hapo umeshaharibu. Niliikaanga kwa mafungu matatu mpaka kila kipande kikaiva vizuri na kubadilika rangi pande zote, nikaitoa. Katika mafuta yale yale nikatia kitunguu, hoho nyekundu, na nanasi nililolikata vipande vikubwa pale pale kwenye ubao, nikaliacha bila kulikoroga mpaka kingo zikaungua kidogo. Halafu pilipili kali zile ndogo, nne, pamoja na mbegu zake. Kijiko cha siki. Vijiko viwili vya asali. Nyama ikarudi ndani, nikageuza mara tano sita, basi. Nusu saa haikuisha.

Muda wote huo walikuwa wakiongea kumhusu mtu mmoja wa kwetu aliyeharibikiwa mjini, wakihakikisha sauti inanifikia. Kisha wa pili akasema, polepole lakini si polepole sana, "Watu wa huko Ukambani wanajua kumtuliza mwanamume, bwana." Kaka mkubwa akaguna. Mke wangu ni Mkamba, wa Kitui. Nilitikisa kichwa peke yangu pale jikoni, nikawadharau zaidi. Mtu akishakosa hoja huwa anashika kabila.

Nikapakua. Wakanawa, wakaomba, wakaanza kula, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na kikao. Kaka mkubwa alitoa kitambaa akajifuta paji la uso kwa ile pilipili, akaongeza wali bila kuulizwa. Wa pili alichomoa kipande cha nanasi, akakiinua kwa uma akikikagua pande zote, akakila, akatafuta kingine.

"Hii umeitoa bucha gani?" akauliza.

"Nimepika mimi. Sasa hivi. Mmenisikia."

Wakacheka wote wawili. Wa pili akasema hiyo ni kazi ya bucha, anaijua, kuna jamaa pale karibu na barabara ya Namanga siku hizi wanatia mpaka matunda. Nikamwambia tena kwamba nimepika mimi, na nikamhesabia kila kitu kilichoingia, tangawizi, siki, pilipili. "Na asali," nikasema. "Asali yenyewe ni ya mama mkwe, hutuletea kutoka Kitui."

Uma wa kaka mkubwa ukasimama njiani. Akanitazama mimi, akatazama sahani, akaurudisha uma chini taratibu. Akasukuma mchuzi pembeni kwa kijiko, na baada ya hapo alikula wali mtupu ulioko upande wa pili. Nilimwonea huruma ile ya kumwonea mjinga. Mtu wa miaka sitini, nikajiambia, na bado anaogopa kitu kitamu kwenye nyama.

Mke akaingia, koti lake jeupe la kazi limekunjwa mkononi. Akawasalimia kwa mikono miwili kila mmoja, akauliza habari za nyumbani, za mama, za mvua. Alipoketi, kaka mkubwa akakohoa.

"Shemeji, tumekuja kwa sababu yako. Huyu kijana wetu ametukatalia kazi ya maana. Anasema hapa yeye ndiye anayepika, na eti mlipatana. Hata chakula hiki anasema amepika yeye. Sasa tunataka tusikie kutoka kwako."

Nilijiegemeza kwenye kochi na kukunja mikono. Nilikuwa nimeingojea saa hii tangu Jumanne.

Mke wangu alitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha adabu ambacho sijawahi kukisikia katika miaka kumi na minne ya ndoa.

"Huyu apike? Shemeji, huyu hata ugali unamshinda. Nimekaanga mimi asubuhi kabla niende kazini, nikamwambia mkifika apashe moto tu. Huyu ana kuku wake, hao ndio wanamweka huko nje kutwa. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Nilisema mimi," wa pili akasema. "Nilisema hapa hakuna aliyepika."

Na kaka mkubwa akaamini. Watu waliokuwa hatua sita kutoka kwenye karai, walionusa kitunguu kikiwa kibichi na kukinusa tena kikiwa kimeiva, waliomsikia mwanamume akikata nanasi zima kwenye ubao, walimwamini mwanamke aliyeingia mlangoni dakika tano zilizopita. Walishukuru kabisa. Nyuso zao zililegea. Kaka mkubwa akasema kuku ni kazi, nani amesema kuku si kazi, hata yeye amewahi kufikiria kufuga. Stoo haikutajwa tena. Mke akasimama kuwapakulia mara ya pili, na kabla ya kumpa kaka mkubwa sahani yake alichota kijiko kimoja cha mchuzi kwenye bakuli akala mbele yake. Kaka akapokea, akala mpaka akapangusa sahani.

Mimi nilikaa pale na hasira zangu. Nilikuwa nimepata nilichotaka, nabaki kwangu na mke wangu, na nilihisi nimevuliwa nguo sebuleni. Nilimdharau naye pia jioni ile, nisidanganye. Nilimwona amejikunja mbele ya watu wawili ambao hawawezi kujichemshia yai.

Walipoondoka giza lilikuwa limeshaingia. Kaka mkubwa alinishika bega getini akaniambia niko na mke mzuri, nisimchoshe. Nikarudi jikoni, nikamkuta anaosha karai.

"Umewadanganya ndugu zangu ndani ya nyumba yangu," nikamwambia. "Tulipatana mimi na wewe. Sasa unaona haya?"

Hakugeuka. "Wewe wangekucheka," akasema. "Wiki moja, mbili, halafu wapate mwingine wa kucheka. Mimi wangesema nimekuwekea dawa kwa chakula. Tena wameshaanza kusema. Dada yako hajanywa maji kwa hii nyumba tangu Krismasi, hujaona? Mwanamume akipika Kitengela na mke ni wa kwetu, hakuna mtu anasema mwanamume anapenda kupika. Wanaenda kumwambia mama yako kwamba mtoto wake amefungwa. Na hilo jina la mchawi likishanishika sitalitoa, hata nikufe."

"Ni upuzi."

"Ni upuzi kwako."

Jioni nzima nilikuwa nikijigamba kwa ndugu zangu, nikiwahesabia kila nilichotia ndani ya ile nyama, na kila nilipotamka neno nilikuwa nikimweka yeye mahali pabaya, na mimi nikidhani nawashinda. Nilichukua kitambaa cha vyombo, nikasimama karibu naye kwenye sinki, nikaanza kupangusa sahani ya kwanza. Yeye akakausha mikono yake kwenye sketi, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akavuta pazia la dirisha linalotazama kwa jirani.