Nyumba Iliyokataa Kuhifadhiwa

Mimi sikuzaliwa timboni, niliolewa huko, na mtu aliyeolewa mahali huona mambo ambayo wenyeji wameyazoea. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba watu wa pale hawakumwamini yeyote aliyekuja na viatu safi. Nilicheka. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naangalia viatu kabla ya uso, kama wao.

Kijiji kilikuwa ukingoni mwa Kariobangi, upande wa kushukia mtoni, ukitazama Dandora ng'ambo. Zamani palikuwa timbo kubwa. Wanaume walipasua mwamba kwa baruti, wakachonga mawe, malori yakayabeba kwenda mjini kujengea watu wengine. Mawe yaliyokataliwa, yale yenye kona zilizomeguka, wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua, na ndiyo waliyojijengea nyumba zao, safu mbili zinazotazamana. Kisha mawe mazuri yakaisha. Mwenye timbo akafunga akaenda zake, shimo likajaa maji na vyura, watu wakabaki. Hakuna aliyewafukuza, wala hakuna aliyewapa karatasi ya kuonyesha kwamba nyumba ni zao. Walikuwa wanakaa tu, na kukaa hivyo kunachosha kuliko kazi.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane wa timbo lile. Mumewe aliangukiwa na mwamba kabla mtoto wao, ambaye baadaye alikuja kunioa, hajaanza shule. Hakuacha picha hata moja. Alichoacha ni alama. Kila mchongaji alikuwa na alama yake aliyoikata kwa tindo katika jiwe, ili karani ajue ni kazi ya nani. Ya baba mkwe ilikuwa mstari uliosimama wenye tawi moja upande wa kulia, kama mhindi wenye jani moja. Jiwe lenye alama hiyo lilikuwa kando ya mlango wetu, usawa wa bega. Kila asubuhi akitoka, mama aliipapasa kwa kiganja bila kuiangalia, jinsi mtu anavyogusa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Mimi na mume wangu tulikaa chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo nilimwona kila siku. Sikuwahi kumuuliza. Yako mambo ambayo mke wa mtoto hamuulizi mama mkwe.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha alipotokea yule bwana wa michoro. Alikuwa mtu wetu, si mzungu, mwalimu wa mambo ya majengo mjini, mwenye miwani na, bila shaka, viatu safi. Alipita safu yote akigusa kuta, akichora, akitabasamu peke yake. Mtu anayetabasamia ukuta wa jirani yako lazima umwulize anatafuta nini. Jirani yetu mmoja, kijana aliyechomelea vyuma Kariobangi, alikwisha kumaliza uchunguzi.

"Maze, huyo buda ni karao," alisema. "Namjua kwa soksi."

Hakuwa polisi. Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kijiji alituita penye sakafu ya kufulia nguo, na yule bwana akasimama kutueleza. Alizungumza Kiswahili cha redio, kizuri mpaka kinatia wasiwasi. Alisema hakuna mahali pengine Nairobi ambapo wachonga mawe walijijengea kijiji chao wenyewe, na alama zao bado ziko ukutani. Alisema sura ya kijiji isibadilishwe. Tusipanue madirisha, tusibandike vibanda vya mabati mbele, tusipige rangi. Mimi, nitasema ukweli, nilianza kumpenda. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu wa mjini akiita nyumba zetu kitu chochote isipokuwa vichaka vya wezi. Kisha akafika penye neno lake.

"Kwa kifupi," akasema, "tunataka kijiji hiki kihifadhiwe."

Angesema kitunzwe, labda ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwapa. Angesema kichungwe, hata bora zaidi. Lakini alisema kihifadhiwe, na nikaona migongo ya akina mama ikinyooka. Mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba kuhifadhiwa ni kwa maiti. Si huwa tunasikia katika matangazo ya vifo, mwili umehifadhiwa mahali fulani? Watu wakacheka kidogo. Mama mkwe wangu hakucheka. Alisimama, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Mimi hiyo neno naijua," akasema. "Kwetu ilikuja namna hiyo hiyo. Mtu na kalamu, anasifu miti. Anasema msitu ni mzuri sana, sasa utahifadhiwa. Tukapiga makofi. Mwezi haukuisha, mbuzi ya baba yangu ikashikwa kwa kula majani ya serikali. Halafu sisi wenyewe tukaambiwa tusonge. Mahali ikiitwa hifadhi, mzee, wanyama wanabaki na watu wanatoka. Sasa hapa wanyama ni gani? Vyura?"

Yule bwana alijitetea kwamba hiyo ni hifadhi nyingine. Kumwambia mtu aliyewahi kung'atwa kwamba huyu ni mbwa mwingine hakumsaidii kitu. Akaulizwa kama tutapewa karatasi za nyumba. Akasema hilo halimo mikononi mwake, ila likipita huenda likatusaidia. Neno huenda nalo likazunguka mkutanoni likikosa pa kukaa.

Hapo ndipo mwenyekiti akauliza swali lililotuharibia kila kitu. Yeye alikuwa amepiga nyumba yake plasta na rangi ya maziwa mwaka uliotangulia, na alijivunia sana.

"Na yangu je?" akauliza. "Nayo itahifadhiwa?"

"Bahati mbaya, hapana," akajibu bwana wa michoro. "Iliyopigwa plasta imekwisha kupoteza sura yake. Haiingii."

Ningeweza kusikia watu wakifikiri. Nyumba yenye plasta haiingii. Mwenyekiti alipiga plasta mapema. Kumbe alijua! Nani alimwambia? Na kwa nini hakutuambia? Hakuna aliyepiga kelele, ila walimtazama mwenyekiti kama mtu aliyekula peke yake gizani. Mimi mwenyewe nilimtazama hivyo. Maskini, leo naamini alipenda rangi ya maziwa tu, lakini ukiniuliza kama nina hakika, sina.

Siku zilizofuata barabara ya mtoni ilijaa wanawake wenye magunia ya mchanga. Hakuna aliyesema anachofanya. Ukiuliza uliambiwa ukuta unatoa vumbi, au mgeni anakuja. Mifuko ya simiti iliingia imefunikwa kwa blanketi. Tulipiga plasta kijiji kizima kwa siri, kila mtu akimficha jirani ambaye naye alikuwa akichanganya simiti nyuma ya nyumba yake.

Mama alimleta fundi Jumamosi. Nilimkuta akimwelekeza aanzie nyuma, na nikajua anachokiahirisha.

"Mama," nikamwambia, "tuache hilo jiwe moja. Tuzungushe plasta pembeni yake."

"Ndiyo walione? Waseme hii bado ina sura?"

"Lakini ni alama ya baba."

Mama alikuwa na namna mbili za kuniita. Akiwa mzuri niliitwa mama kama yeye. Akikasirika nilikuwa bibi ya kijana.

"Wewe bibi ya kijana yangu, nisikilize," akasema. "Mimi nalala kwa nyumba, silali kwa alama. Huyo mwanaume alichonga mawe ya watu mpaka ikamwua, na hii ndiyo nyumba alipata. Nikitolewa hapa nitaenda na alama wapi? Nitaifunga kwa leso?"

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika kwa sababu nilidhani anafanya upumbavu, na nilikasirika zaidi kwa sababu sikuweza kuthibitisha kwamba ni upumbavu. Fundi alipofika kwenye lile jiwe, mama alimsimamisha. Alichukua kitambaa chenye maji akalipangusa, mstari na jani lake, kama anayemnawisha mtoto uso. Kisha akaomba mwiko. Alipaka mwenyewe, plasta nzito, akasawazisha mpaka pakawa hapana kitu. Aliingia ndani akafunga mlango, na chakula cha jioni nilipika peke yangu.

Bwana wa michoro alirudi na wenzake wawili simiti haijakauka vizuri. Alisimama katikati ya safu zetu mbili za kijivu. Akaja akaweka mkono kwenye ukuta wetu, ukatoka na unga.

"Kwa nini, mama?" akaniuliza.

"Ilikuwa inavuja," nikasema.

"Kuta hizi hazivuji."

"Yetu ilivuja."

Alipangusa unga mkononi akanitazama. Sijui aliona nini, ila mimi niliona mtu aliyeumia, au mtu anayejua sana kuigiza kuumia. Wakaondoka na hatukuwaona tena. Kijiji kilishangilia chinichini. Kuna waliosema tumemkomoa mnyang'anyi. Baadaye, viwanja vilipokuwa vikigawanywa ng'ambo kule Dandora na sisi tukapitwa bila hata kutajwa, walitokea waliosema yule ndiye aliyekuwa mlango wetu wa kupata karatasi, na tumeuziba kwa simiti. Wengi wao walikuwa wale wale. Nilipomtajia mama maneno hayo, alinijibu kwamba yeye bado analala kwake. Hilo lilikuwa kweli, na lilibaki kweli.

Mkono wake tu ndio haukuelewa. Kila asubuhi alipotoka ulikwenda pale pale usawa wa bega, ukapapasa plasta tupu. Miaka ikapita, pale mahali pakawa na doa linalong'aa kwa mafuta ya kiganja. Wageni walidhani ni uchafu. Mimi nilipopaka rangi ukuta niliuzunguka ule mviringo bila kusema neno, naye hakusema neno, na nafikiri hayo ndiyo mazungumzo mazuri zaidi tuliyowahi kuwa nayo.

Katikati ya miaka ya themanini macho yake yalianza kufunga. Mtoto wa jicho, walisema kliniki. Alianza kututambua kwa sauti na kwa kugusa. Mchana mmoja, mume wangu akiwa kazini, aliniita mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kiganja kikiwa juu ya doa.

"Mama," akasema, na nikajua hajakasirika. "Nifungulie hapa. Kidogo tu. Mkono wangu umeanza kumsahau."

Nilitafuta tindo na nyundo. Nilianza taratibu, pembeni mwa doa, kuzunguka. Sikuwa nimepiga hata mara kumi mlango wa jirani ukafunguka. Kisha wa pili. Sauti ya tindo katika kijiji kile haikuwa sauti ya kupuuzwa.

"Mnafungua ukuta?" mmoja akauliza.

"Ni mama anataka kugusa jiwe la mzee."

"Leo? Miaka yote hii, leo ndiyo anataka?"

Mwenyekiti alifika akikokota ndala, amezeeka naye. Akaangalia tindo, akaniangalia mimi. "Sema ukweli, dada. Yule bwana amerudi? Nyumba zilizo wazi zitapewa karatasi?"

"Hakuna bwana, mzee. Hakuna karatasi."

"Ah," akasema, akitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa kila kitu. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyoamini. Niliona wakitawanyika mmoja mmoja, wakitembea ule mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia.

Nilipiga mara ya mwisho na kipande chote kikaachia, kikanidondokea mikononi, kizito kama sinia la mawe. Nilitazama ukutani. Palikuwa na shimo la kijivu lenye chengachenga. Jiwe letu lilikuwa laini, na simiti ilikuwa imelishika miaka yote hiyo; ilipotoka ilitoka na uso wake. Mstari haukuwepo. Jani halikuwepo. Niligeuza kipande cha plasta, na humo ndani, imesimama juu juu katika simiti, ilikuwepo ile alama, kamili, imeumuka mahali ilipokuwa imezama.

Nilimwekea mapajani, upande wa ndani ukimtazama. Vidole vyake vilitembea juu yake, vikapanda mstari, vikatafuta jani upande wa kulia, vikakosa. Vikalipata kushoto, kama katika kioo.

"Ni yeye," akasema.

"Ni yeye, mama."

"Lakini ameangalia kule." Alijaribu kukizungusha kipande, juu chini, huku na huku, na kila alipokizungusha jani lilikataa kurudi upande wake. Kisha akakiacha. Machozi yalimtoka bila sauti, na mimi nikaketi chini penye kokoto za plasta nikamshika mguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Ng'ambo ya safu tindo ya kwanza ikalia. Kisha ya pili, upande wetu. Kisha nyingi. Wajane wa timbo walikuwa wengi pale, na karibu kila mmoja alikuwa na jiwe lake kando ya mlango.

Mama akainua kichwa akasikiliza. "Kimbia," akaniambia. "Waambie waache. Waambie inatoka na uso."

Nilikimbia mlango hadi mlango. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka kwamba waache, waje kwanza waone ukuta wetu, jiwe linaharibika. Walinisikiliza kwa adabu, tindo mikononi. Mwanamke mmoja, rafiki yangu tuliyefua naye nguo miaka yote, akanitazama viatu, halafu uso.

"Ninyi mmeshafungua yenu," akasema, na akaendelea kugonga.