Boti Inavuja, Mchanga Mkavu

Nani kati yenu amewahi kuona boti ikivuja bila tone kuonekana?

Boti yetu ya doria iko juu ya magogo ukingoni mwa Tana. Kila jioni najaza mafuta ya gia kwenye ule mguu wa nyuma unaoshika propela.

Kila asubuhi yamepungua. Nachungulia chini, mchanga mkavu.

Koplo alikuwa na jibu. Siku hizi za vita jibu lake ni moja tu, mashifta, wale waasi wa porini. Leo jioni akataka kumfunga Abdi, mlinzi wa getini, eti anawapelekea mafuta.

Nikaomba anisubiri kidogo. Nikapangusa ule mguu, nikaupaka majivu, nikakaa.

Majivu yakalowa nyuma ya propela. Sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekwisha.

Sawa, lakini tone linaenda wapi?

Akaingia Eddo Halima, mama anayetuuzia maziwa. Akatega kopo chini ya propela, kumbe ndiyo kawaida yake kila jioni nikishaondoka. Alfajiri hulichukua, akampaka mafuta hayo ngamia wake mwenye upele.

Nikabadilisha sili.

Eddo akatazama kopo tupu, akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Umesiba? Ngamia amebona ubande moja tu."

Abdi yuko huru, boti haivuji, na mwizi sasa ni mimi.

Jamani, nimekosea wapi?