Pima Sitini za Darasa la Tatu

Jumatano ilinukia ukindu uliolowa. Kabla sijafumbua macho ilikuwa imekwisha nifikia kitandani ile harufu ya majani mabichi na maji ya kisima, kwa maana Bibi yangu, Bibi Mize, mama yake baba, alikuwa akiuloweka ukindu wangu mara tu baada ya sala ya alfajiri ili uwe laini kwa kusukwa. Aliufunga katika kipande cha kanga kuukuu, akanitilia kwapani, nami nikashika njia ya shule ya Bagamoyo huku ubavu mmoja wa gauni ukinichuruzika maji. Waliokutana nami njiani waliniuliza kama nimekojoa kikwapa. Mtoto anayekwenda Jumatano hana wakati wa kujibu watu.

Kila siku ya juma ilikuwa na kazi yake kwetu darasa la tatu, na mpaka leo nikiamka bila kujua ni siku gani, huikumbuka siku kwa kazi zile. Jumatatu Mwalimu Kibwana alitukagua kucha, meno na nyuma ya masikio, kisha tukasoma ubaoni kwa sauti moja mpaka kunguru wakaruka juu ya paa la makuti. Jumanne ilikuwa hesabu za komwe, zile mbegu za bao. Kila mtoto alikuwa na kifuko chake cha komwe hamsini, tukajumlisha na kutoa sakafuni, na hesabu za kutoa aghalabu ziliishia kwenye ugomvi kwa sababu komwe za mtu zilikuwa zimebingirika kwa jirani na jirani hakumbuki lolote. Alhamisi ilikuwa ya masimulizi. Ulisimama ukaeleza jambo moja uliloliona njiani asubuhi ile, na ilikuwa marufuku kurudia la mwenzako, basi siku hiyo tulizunguka mji mzima kutafuta la kuona kabla ya kengele. Siku moja Sefu, aliyekuwa mrefu kuliko sisi sote na mwongo kuliko sisi sote, alisema amemwona mbuzi juu ya paa la msikiti. Nusu ya darasa ilikwenda kumtazama mbuzi huyo wakati wa mapumziko. Ijumaa tulipalilia mchicha na bamia, tukaachiwa mapema watu wawahi sala.

Mimi nilizipenda siku zote tano, lakini nilizihudhuria kwa ruhusa yenye masharti. Tulikuwa wasichana watano kati ya watoto ishirini, nami nilikuwa na miaka kumi, umri ambao wazee wetu walianza kuutazama kwa jicho la pembeni. Baba alikuwa mfanyabiashara, miezi mingi yuko Pangani, na mambo ya nyumbani alikuwa amemwachia mama yake. Bibi hakuwa mkali, ila hakuelewa mtoto wa kike anakwenda kuchezea komwe na wavulana kwa faida gani. Mwanzoni mwa muhula aliniketisha mbele yake akasema maneno ambayo sikuyasahau: “Mke mwenzangu, mimi sikukatazi leo. Siku ya wazazi nitakuja huko shuleni kwenu nitazame kwa macho yangu. Nikiona cha maana, utaendelea. Nisipoona, utakaa ndani na mimi nikufundishe kazi.” Mke mwenza ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, lakini siku ile hakuwa anatania.

Cha maana chenyewe kilikuwa mkeka. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakaa kwenye chumba kidogo chenye sakafu tupu, na masika yakianza walitetemeka na kukohoa kutwa. Mwalimu Kibwana akatuambia kwamba kazi yetu ya mikono ya kila Jumatano muhula ule itakuwa kusuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu, uje ushonwe kuwa mkeka mmoja mkubwa, utandikwe kutoka ukuta hadi ukuta, na siku ya wazazi watu wauone. Alikipima chumba akapiga hesabu, akapata kwamba zinatakiwa pima sitini za ukili, kila pima wari mbili, yaani futi sita, basi kila mtoto asuke pima tatu. Mwalimu alikuwa mtu wa Lugoba, mstahimilivu, mcheshi, na kazi ya ukindu alikuwa akiijua kwa kuitazama tu. Akachukua ubao wake wa kupimia wa wari moja akauliza kama tutapimia huo. Hapo ndipo mimi, mjukuu wa msuka mikeka mashuhuri, niliponyoosha kidole. Nilimwambia ukili haupimwi kwa ubao, unapimwa kwa mikono: unainyoosha yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ndiyo pima moja, na ndivyo alivyofanya Bibi miaka yote. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Mwalimu akacheka, akasema kuuliza si ujinga, akaurudisha ubao kabatini.

Zikaanza Jumatano tamu kuliko zote nilizowahi kuziishi. Tulikaa duara sakafuni, kila mtu na kata yake ya maji ya kunyunyizia, vidole vikipishana, tukiimba jedwali la tatu na la nne kwa mwendo wa kusuka. Wavulana mwanzoni waliona haya kwa kuwa ukili ni kazi ya mama zao, lakini haya ikawatoka walipogundua kwamba kuna mashindano. Mikono ya Sefu ilikuwa kama ya mtu mzima, na kila Jumatano alilalamika kwamba pima zake haziishi. Mimi, niliyekuwa mfupi kuliko wote darasani, nilimaliza pima zangu tatu kabla ya kila mtu. Nilipigiwa makofi. Nikamwambia Sefu kwamba mvivu hata apewe pima moja ataiona tatu, akanuna wiki mbili. Nyumbani nilimwonyesha Bibi ukili wangu, akaupitisha vidoleni, akasema umekaza vizuri. Hakuupima, wala mimi sikuona sababu ya kumwomba aupime.

Zikabaki Jumatano mbili. Tukaunga ukili wote, Mwalimu akakata kamba ya urefu wa chumba, na wasichana tukashona safu baada ya safu, upana wa vidole vinne kila safu. Mkeka ukawa unakua kwa kuelekea ukuta wa pili, nasi tunaona fahari. Safu ya ishirini na nne ilipokwisha, na ukili ukaisha. Tuliutandika chumbani, ukakomea njiani. Kati ya mkeka na ukuta ilibaki sakafu tupu ya dhiraa mbili nzima, pana ya kutosha kukalisha watoto wote wa safu ya mbele. Mwalimu akauliza kama kuna asiyeleta ukili wake. Wote walikuwa wameleta. Sefu ndiye aliyesimama, akanyoosha mikono yake mirefu, akanitazama, akaitazama mikono yangu, na kabla hajasema neno mimi nilikwisha elewa. Mkeka wa Bibi husukwa na mtu mmoja, pima zake zote ni sawa. Wetu ulisukwa na watu ishirini, na kila mtu alikuja na pima yake. Wazazi walikuwa wanakuja Jumatano inayofuata, na aliyesema ubao urudi kabatini ni mimi.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia kosa ni langu, nikilia. Alisema si langu peke yangu, yeye ndiye mwalimu na ubao ulikuwa mkononi mwake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakutwambia tuufiche mkeka, wala hakununua mwingine. Alitusimamisha mmoja mmoja ukutani mwa chumba kile, mikono imenyooshwa, akachora mstari wa chaki wa pima ya kila mtoto, mmoja juu ya mwingine, ishirini yote. Wangu ulikuwa wa chini kabisa na mfupi kabisa. Wa Sefu ulikuwa juu, umepitiliza. Alhamisi hatukusimulia ya njiani, tulipima kila mstari kwa ule ubao wa wari na kujumlisha. Ijumaa mchicha ulikaa bila kupaliliwa, tukazidi kuhesabu. Mwalimu akaniambia siku ya wazazi atakayesimama kueleza ni mimi. Kila usiku nilirudia maneno yangu kitandani, na Bibi alidhani ninaweweseka kwa homa.

Siku ikafika. Wazazi walijaa mpaka mlangoni, na Bibi alikuwa mbele, amejifunga buibui lake jipya, macho yake kwenye ile sakafu tupu. Msuka mikeka haulizi kilichopungua. Nikasimama. Nilisema yote: kwamba ubao ulikuwepo, kwamba mimi ndiye niliyeukataa, kwamba tuliita pima kitu ambacho kila mtu alikuwa nacho cha kwake. Nikawaonyesha mistari. Watu walianza kucheka, na hawakucheka kwa ubaya, kwa maana kila mzazi alikuwa anatafuta mstari wa mwanawe. Bibi hakucheka. Aliinuka polepole, akaenda ukutani, akanyoosha mikono yake, akamwambia Mwalimu amchore na yeye. Mwalimu alisita, kisha akamchora kwa adabu zote. Bibi akasogea, akachorwa tena. Pima zake mbili ziliufikia urefu wa chumba barabara.

“Haya, msomi,” akaniambia. “Mimi ukili ninao nyumbani. Nikuletee pima ngapi zangu?”

Nilipiga magoti nikapima pengo kwa shibiri za Bibi mwenyewe, nikiushika mkono wake na kuuweka sakafuni: shibiri nne. Kila shibiri ilichukua safu tatu za ukili. Nne mara tatu kumi na mbili, na kila safu pima mbili. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, “Ishirini na nne, Bibi.”

“Ishirini na tano,” akasema. “Hukuweka ya kuungia.”

Watu walicheka tena, na safari hii yeye pia alicheka. Akaitazama ile mistari, kisha akamgeukia Mwalimu.

“Mwalimu, hiyo Jumatano yenu huanza saa ngapi?”

“Saa tatu, Bibi.”

“Basi Jumatano nitakuja naye.”

Nilitoka nje nikakimbia kulizunguka jengo la shule mara tatu, mtandio mkononi, na hakuna aliyenikataza. Jumatano iliyofuata tuliingia pamoja, yeye na pima zake ishirini na tano. Mkeka ulipotandikwa uligusa ukuta, na kipande cha ukili kilichobaki hakikuzidi kiganja. Alirudi Jumatano nyingi baada ya hapo. Aliwafundisha wavulana kukaza ukili, na Mwalimu alimfundisha kuusoma ule ubao wa wari, akawa akirudi nyumbani anapima milango, vitanda na vichwa vyetu. Baba aliporudi kutoka Pangani na kuuliza kama sijawekwa ndani bado, Bibi alimjibu kwamba mtoto ana shughuli, aachwe.

Sasa mimi ndiye bibi, na zaidi ya bibi, kwa maana kitukuu changu yuko darasa la tatu. Shule yake ina madawati, ratiba ya juma imechapishwa na kubandikwa ukutani, na asubuhi wasichana wanaojaa njiani ni wengi kuliko wavulana, hakuna anayewaombea ruhusa kwa mtu. Hilo huniburudisha moyo kila siku ya Mungu, wala simwamini anayesema zamani yote ilikuwa bora. Wiki iliyopita alinionyesha daftari lake la hesabu. Lilikuwa safi, vema tupu kila ukurasa, ila katikati palikuwa na karatasi iliyochanwa. Nilimwuliza iko wapi. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba pale alikosa, akaichana ili mtu asiione. Nilimpakata, nikaanza kumsimulia habari ya ule mkeka. Kosa langu mimi lilichorwa ukutani kwa chaki mbele ya mji mzima, na ndilo lililonibakiza shuleni.